Kabla Hujaosha Viti vya Ngozi vya Gari Lako

Viti vya ngozi vya gari huumizwa zaidi siku ya kuoshwa kuliko siku nyingine yoyote. Pita Jumamosi asubuhi penye vijana wa kuosha magari hapa Kisumu, Kondele au Mamboleo. Kijana amemaliza magurudumu, ndoo iko miguuni, povu limegeuka kijivu. Anauliza, "Mkubwa, nikupigie na ndani?" Anajibiwa, "Piga tu," na kitambaa kile kile cha magurudumu kinapanda kwenye siti. Simlaumu kijana. Hakuna aliyemwelekeza, na mwenye gari mwenyewe hajui ana nini humo ndani. Ndiyo maana mengi ninayoyataja hapa ni ya kufanywa kabla ya ndoo, na ikiwezekana kabla ya kununua chupa yoyote.

Anza kwa kujua umekalia nini. Magari mengi ya huku hutoka Japani yakiwa yameshatumika, na sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Mengi huja na viti vya kitambaa, halafu hushonewa kava hapa nchini. Hiyo unayoiita ngozi basi yaweza kuwa reksini, yaani kitambaa kilichopakwa plastiki. Hata gari lililotoka kiwandani na viti vya ngozi, mara nyingi ngozi halisi iko pale mwili unapogusa tu. Mgongo wa kiti na mbavu za nje ni plastiki iliyofananishwa rangi na mikunjo. Kutofautisha, tafuta mahali ukingo ulipokatwa: chini ya kiti, au ndani ya zipu ya nyuma kama ipo. Ngozi ina nyuzinyuzi upande wa ndani, zimevurugika bila mpangilio. Reksini ina kitambaa kilichofumwa. Harufu usiitegemee, maana yako manukato ya chupa yanayonukia ngozi kuliko ngozi yenyewe. Na wanaojaribu kwa kiberiti waache na viti vyao.

Ukikuta ni reksini, kazi imepungua: maji kidogo, sabuni hafifu, kitambaa, basi. Haihitaji kulishwa chochote kwa sababu hainywi chochote. Ikiwa imeanza kubabuka magamba hakuna dawa. Weka pesa za chupa, umpelekee fundi wa viti.

Ikiwa ni ngozi, dondosha tone moja la maji mahali pasipoonekana, usubiri dakika moja hivi. Tone likikaa juu bila kuzama, ngozi imepakwa rangi, na juu ya rangi kuna tabaka jembamba la kinga, la jamii ya plastiki. Ndivyo ilivyo ngozi nyingi ya magari. Tone likizama na kuacha baka jeusi, ngozi iko wazi, ama iliumbwa hivyo ama kinga yake imekwisha. Hiyo haitaki maji mengi, na doa la mafuta likiingia halitoki kirahisi. Jaribio hili ndilo linaloamua mengine yote.

Kisha angalia ubavu wa kulia wa kiti cha dereva. Usukani wetu uko kulia, kwa hivyo hapo ndipo kila anayeingia na kutoka hujiburuza. Fungua mlango, uiname usawa wa kiti ili mwanga upite kando. Utaona mng'ao wa kijivu, na kwenye mshono uzi uliokuwa mweupe umeshika rangi ya chai. Watu wengi huupenda mng'ao huo wakidhani ngozi imenawiri. Ni jasho, mafuta ya mwili, rangi ya jinzi na vumbi, vimeshikana pamoja. Ngozi nyingi za gari zilitoka kiwandani zikiwa hazing'ai, na kiti kikisafishwa vizuri hurudi kuwa hivyo.

Sabuni ndiyo inayotaka fikira zaidi. Ngozi iliyosindikwa iko upande wa asidi kidogo. Sabuni ya kipande ya kufulia iko upande wa alkali, pH yake, yaani kipimo cha asidi na alkali ambacho 7 ni katikati, hufika 9 au 10, na ya unga haina nafuu. Ukiitumia mara moja huenda usione kitu. Ukiitumia kila Jumamosi, kinga inalegea, rangi inaanza kutoka na kitambaa, na ngozi inakakamaa mikunjoni. Jiki usiisogeze hata karibu, wala dawa za vioo zenye amonia. Spiriti, tina na dawa ya kutoa rangi ya kucha zitaondoa doa la kalamu, ila zitaliondoa pamoja na rangi ya kiti. Sanitaiza nayo ina spiriti. Mkono ambao haujakauka ukishika kiti pale pale kila siku, baka hujitokeza. Wapo wanaosifia limau na siki, wengine magadi. Za kwanza ni asidi kali mno, ya pili ni alkali, na kiti si kachumbari. Tafuta chupa iliyoandikwa kwamba ni ya kusafisha ngozi na kwamba pH yake ni ya kati. Ukiikosa, matone machache ya sabuni ya maji ya kuogeshea mtoto ndani ya maji vuguvugu yanatosha kwa ngozi yenye tabaka la kinga.

Mafuta nayo yana hadithi zake. Utaambiwa ngozi lazima ilishwe, na kila jirani ana chakula chake: mafuta ya kupikia, mafuta ya kujipaka, polishi ya viatu. Ukweli ni kwamba ulaini wa ngozi hutokana na mafuta yaliyotiwa kiwandani wakati wa kuisindika, na ukipaka mengine juu ya tabaka la kinga hayapenyi. Yanabaki juu yakinasa vumbi. Ya kupikia huchacha, na kwa joto la Kisumu hayachukui muda. Kondishona ya ngozi, yaani dawa ya kuilainisha, ina kazi, hasa kwenye ngozi iliyo wazi, mishono na mikunjo, na hupunguza msuguano wa nguo. Ipakwe kidogo sana, baada ya kiti kusafishwa na kukauka. Ukipaka kwenye uchafu, umeufungia uchafu ndani. Zile dawa za kung'arisha dashibodi ziache kwenye dashibodi. Kwenye kiti hufanya mtu ateleze kila breki ikikanyagwa.

Vifaa ni vichache: vitambaa vinne au vitano vya mikrofaiba ambavyo havijawahi kugusa rimu, brashi ya nywele laini, ndoo mbili. Sponji nyeupe zinazofuta madoa ya ukutani ni msasa uliojificha, na stilwuli hata siizungumzii.

Chagua mahali na saa. Ikweta inapita Maseno, hapo tu juu ya Kisumu, na gari lililofungwa juani mchana kiti chake huwa cha moto hata kukalia ni shida. Kwenye kiti kama hicho povu hukauka kabla hujalifuta na kuacha michirizi. Egesha kivulini, fungua milango yote, ngoja mpaka kiganja kikae juu ya kiti bila kuungua. Asubuhi ndiyo bora, na kwa sababu nyingine pia: ukanda huu mvua hupenda kushuka alasiri, na ukiwa Kakamega msimu wa mvua ndefu usianze kazi hii saa nane ukitarajia milango ikae wazi mpaka jioni. Kiti kinachofungiwa na unyevu huota ukungu mishononi. Karibu na ziwa angalia pia kama wale wadudu wadogo wametanda. Ukiwasikia wakigonga kioo, ahirisha. Wakiangukia povu wanapondeka, na una doa jipya.

Kabla ya tone lolote, toa vitu vyote, pamoja na kiti cha mtoto ambacho chini yake hapakosi mandazi. Fyonza vumbi kwa mashine yenye mdomo wa brashi, ukipanua mishono kwa vidole. Vumbi la barabara za Kano ni chembe za udongo. Ukilisugua na maji unakwaruza. Ukisogeza kiti, usichomoe plagi za manjano zilizo chini yake, kwani kwa kawaida hizo ni za mifuko ya hewa. Na kama kiti kina vitobo vidogo, povu lisipigwe moja kwa moja juu yake. Lipige kwenye brashi, brashi iwe nyevu tu, kwa sababu maji yakipita vitobo huingia kwenye sponji na kwenye nyaya za kupasha joto. Kusema kweli hata kiti kisicho na vitobo kisipigwe maji ya presha. Ukiwaachia vijana kazi, hili uwaambie kabla hawajawasha pampu.

Jaribu dawa yako mahali pa siri, ufute kwa kitambaa cheupe, ukisome kitambaa. Kikiwa na udongo au ukahawia, endelea. Kikiwa na rangi ya kiti, simama, dawa hiyo si yako.

La mwisho, pitisha ukucha polepole juu ya nyufa. Usipokwama, ni mikunjo ya kawaida na usafi utaipunguza. Ukikwama, tabaka limepasuka na hakuna kondishona itakayoliunga. Sehemu hiyo isafishe kwa kitambaa kilichokamuliwa hasa, kisha umtafute fundi anayejaza nyufa na kupaka rangi ya ngozi ya magari. Muulize anatumia rangi gani kabla hujampa funguo, na uone kiti alichokipaka miezi iliyopita. Rangi ya viatu hupendeza wiki ya kwanza, halafu mama mkwe anashuka kwenye gari na gauni jeupe lenye mstari mweusi mgongoni.