Kabla Hujaenda Milimani Kudai Pesa Zako

Siku niliposhinda kesi yangu ya deni kwenye mahakama za Milimani, Nairobi, niliwanunulia mafundi wenzangu pale Kariobangi Light Industries kreti nzima ya soda. Nilijiona nimeshalipwa. Miezi saba baadaye sikuwa nimeona hata ndururu, na mfukoni nilikuwa nimetoa zaidi. Kama unajiandaa kwenda Mahakama ya Madai Madogo, soma haya kwanza.

Deni lisizidi shilingi milioni moja. Zamani kikomo kilikuwa 200,000, kikapandishwa mwaka wa 2020. Beba ushahidi: oda, risiti, meseji za M-Pesa, hata mazungumzo ya WhatsApp. Wakili si lazima. Kesi inatakiwa iishe ndani ya siku 60. Hayo yote utayasikia popote.

Usilosikia ni kwamba korti haikukusanyii pesa. Ukishinda unapewa dikrii, yaani amri ya korti kwamba ulipwe, basi. Ni wewe uombe itekelezwe, na ni wewe useme itekelezwe kwa njia gani na juu ya mali ipi. Kwa hivyo anza na jina. Kama oda ilitoka kwa kampuni, mdaiwa ni kampuni, na huwezi kwenda kubeba runinga ya mkurugenzi sebuleni kwake. Chukua CR12, ile hati ya msajili wa kampuni, uone kampuni ipo kweli na wenyewe ni kina nani.

Kisha tafuta mali, na uitafute kabla ya kufungua kesi. Hapa ndipo nilipoumia. Kontrakta mmoja wa Kasarani nilimtengenezea mageti mawili na grili za madirisha kumi na manane, akabaki na 187,000 zangu. Alikuwa na pikapu nyeupe. Kila siku anaendesha yeye, grili zangu zilibebwa na pikapu hiyo hiyo, mlinzi wa ploti anaiita "gari ya bosi". Mimi nilihitaji ushahidi gani tena? Nikampa dalali wa korti, yule mwenye leseni ya kukamata mali na kuipiga mnada, namba ya gari. Dalali akaenda, akaandika orodha ya mali, akamwachia siku saba za kulipa kama sheria inavyotaka. Hakulipa. Pikapu ikavutwa hadi yadi, nikalala usingizi mzuri ajabu.

Siku ya tatu ikaja barua ya wakili: gari ni la shemeji yake. Logibuku, ile hati ya umiliki wa gari, hii hapa, jina la shemeji limekaa vizuri juu yake. Korti ikasimamisha mnada, tukasikizwa, pikapu ikarudi Kasarani ikiwa imeoshwa. Nani alilipa dalali, gari la kuvuta, na yadi inayohesabu kila siku? Mimi. Ningetafuta namba ile kwenye mfumo wa NTSA, mamlaka inayosajili magari, kabla, ningejua kwa dakika chache. Fanya hivyo hivyo kwa shamba au ploti: tafuta hati, usiamini maneno ya majirani.

Na usimtume dalali kwa hasira akabebe kila kitu. Nguo za lazima, kitanda, sufuria za kupikia na vifaa vya kazi vya mtu haviguswi. Mashine yangu ya kuchomea vyuma nayo imelindwa na sheria hiyo hiyo, kwa hivyo silalamiki. Mshahara nao, theluthi mbili ni zake. Sofa kuukuu ukishalipa lori la kuibeba, umebaki na nini?

Kilichoniokoa ni picha. Malipo ya kwanza alinilipa kwa hundi, na kabla sijaipeleka benki nilikuwa nimeipiga picha kwa simu. Jina la benki, tawi, namba ya akaunti, vyote vilikuwepo. Nikaomba korti iamuru benki ishikilie pesa zilizomo. Amri ya kwanza huwa ya muda. Benki ikaitwa kueleza ina nini, kisha ikaagizwa inilipe. Zilikuwemo 112,000. Zilizobaki alilipa kidogo kidogo, akinuna. Kwa hivyo kila hundi na kila slipu ya mteja, piga picha leo, mkiwa bado mnacheka pamoja.

Wengi hukimbilia kutaka mdeni afungwe. Inawezekana, lakini korti lazima iridhike kwamba uwezo anao na hataki kulipa, ama anataka kutoroka. Chakula chake jela unalipia wewe, hakai zaidi ya miezi sita, na akitoka deni liko palepale.

Mengine ni ya kujichunga tu. Uliza leseni ya dalali na mwandikiane ada kabla hajatoka. Usiende na vijana wa mtaa kujichukulia mali. Kesho mshtakiwa utakuwa wewe. Akiomba kulipa kwa awamu, iandikwe na iende kortini. Anaweza kukata rufaa Mahakama Kuu kwa hoja ya sheria, na kuomba utekelezaji usimamishwe, kwa hivyo usitumie pesa kabla hazijafika. Kama kweli hana kitu sasa, hukumu ina miaka 12, ingawa ukikaa zaidi ya mwaka bila kufanya lolote korti itamwita kwanza ajieleze. Na ukishajua benki yake, usimwambie mtu, hata yule rafiki yenu wa pamoja anayewapatanisha. Akaunti humwagwa kwa simu, usiku, mtu akiwa kitandani.