Namna ya kutafsiri Kirusi cha mtaani kwa Kingereza bila kujipoteza

Kirusi nilijifunzia Moscow, mwaka wa kwanza ni lugha tu, ile yenye wanafunzi wote wa inchi za inje banaita podfak. Chuo chenyewe iko na jina la mzee wetu Lumumba, balilitoa 1992, balirudisha 2023, njo maana Mukongomani akifika pale anajiona sawa amefika kwa mujomba. Lakini mu darasa balitufundisha Kirusi cha vitabu, na usiku kule kwa mabweni vijana banasema ingine kabisa, neno moja linabeba mizigo ine. Leo niko Lubumbashi, natafsiri video na filamu ndogo kutoka Kirusi kwenda Kingereza, na wadogo zangu bananiandikia kila siku: kaka, hili neno maana yake nini? Minajibu paka swali: nani anasema, kwa nani, lini? Bila hayo siwezi kukusaidia.

Nianze na aibu yangu. Kazi ya kwanza ya kulipwa ilikuwa vijana wawili kwa simu, banapanga sikukuu ya kuzaliwa, mwisho mumoja anasema "nu vsyo, davai". Mi nikajua davai inatoka kwa neno la kutoa, na pia ni "twende", basi nikaandika "come on then!" Mwenye kazi akarudisha faili: mbona hawa marafiki banataka kupigana? Akanikata nusu ya malipo, na hakukosea. Ile davai ya mwisho wa simu ni kwaheri tu. Andika "alright, bye", imeisha.

Kosa langu ilikuwa nini? Nilipitia Kifaransa, sababu kamusi yenye nilikuwa nayo ni ya Kirusi na Kifaransa, na pale "davai" ni "allez", ni kusema twende tu. Kama ningepitia Kiswahili cha nyumbani ningeona mara moja, maana siye tuko na "haya". Haya, twende. Haya, lete. Haya, nimekubali. Haya mama, kesho. Njo davai ile, karibu yote! Kwa hiyo kabla hujagusa Kingereza, sema ile sentensi kwa sauti sawa vile ungemwambia rafiki yako pale Kasapa, hapa Lubumbashi, na kama mudomo unakataa ujue haujaelewa bado, rudia video.

Kisha angalia mwaka na fasi. Hapa kwetu mutu akiandika "nimenunua viatu Kenya" kila mutu anajua ni soko la komine ya Kenya, hapa Lubumbashi, mutafsiri wa mbali atamupandisha ndege bure mpaka Nairobi. Maneno ya makuta, ni kusema pesa, ya Warusi njo mtego ule ule. "Limon" ni limau na pia milioni. "Kapusta" ni kabichi na pia makuta. "Babki" ni bibi wazee na pia makuta, na mashine ya kutafsiri inaweza kukuandikia jambazi anauliza bibi bako wapi. "Shtuka" na "kosar" ni elfu moja, sawa, lakini elfu ya nini? Kwa filamu ya miaka ya 90 "shtuka" mara nyingi ni dola, kwa video ya juzi ni rubli. Na limon ya kabla ya 1998 haiko limon ya leo, sababu mwaka ule Urusi balikata sifuri tatu, rubli elfu ikawa moja. Siye tunaelewa hii vizuri kuliko Mwingereza: 1992 tulikuwa na noti ya zaire milioni tano, na 1998 ile ile franka ikaingia. Tena jihadhari, Kingereza pia iko na "cabbage" ya maana ya makuta, utafurahi sana kuikuta, lakini inanuka filamu za zamani, kijana wa leo haisemi.

Sasa fasi yenye inaniuma zaidi: pale mwenye kusema anaficha kwa kusudi. Polisi wa barabarani akikuambia "madesu ya bana", Kilingala chenye Kongo nzima inajua, anaomba maharagi ya batoto na anaomba hongo, na uzuri wake ni kwamba ukimushitaki atasema niliomba chakula tu. Ukiandika "bribe" umemukamata wewe, filamu haijamukamata. Andika "a little something for the kids". Mrusi naye kwa ofisi anasema "ya v dolgu ne ostanus", sitabakia na deni. Inaweza kuwa shukrani ya kweli, inaweza kuwa bahasha. "I won't forget this" inabeba zote mbili, acha hivyo, usisafishe.

"Zhest" ni bati, na mutaani ni kitu kibaya sana ao kizuri sana. Hapo Kingereza inakusaidia: "insane" nayo inaenda pande zote mbili.

"Blin" ni chapati nyembamba ya Warusi, banaisema kukwepa tusi kubwa lenye linaanza na sauti ile ile. Mutoto anaweza kuisema mbele ya bibi yake, basi usiweke tusi, "damn" tayari iko nzito kidogo, mi naweka "shoot" kama filamu inaenda kwa Wamarekani. Ukiwa na mashaka ingia ruscorpora, akiba ya maandishi ya Kirusi kwa mtandao, ni bure, tafuta neno uone mifano ya sentensi na miaka yake.

Na siku utakutana na "da net, navernoye", ndiyo hapana pengine, usitafsiri maneno matatu. Ni hapana ya mutu mwenye haiya: "nah, don't think so". Mama yangu ukimuuliza kama bukari (ugali) imebakia kwa sufuria, anajibu vile vile.