Namna ya kuisoma aya inayoletwa kuzungumzia elimu na kazi za mwanamke

Kabla ya kuuliza aya inaamrisha nini, uliza inamsemesha nani. Ugomvi mwingi juu ya mwanamke, usomi na ajira huzaliwa pale kipande cha aya kinapokatwa, anayesemeshwa akaachwa nje, kisha kila upande ukashika kipande hicho kama rungu.

Weka mbele yako msahafu, tarjuma mbili za Kiswahili (ya Sheikh Abdulla Saleh al-Farsy na ya Sheikh Ali Muhsin al-Barwani zinatosha kwa kuanzia), kamusi ya Kiarabu, na tafsiri (vitabu vinavyofafanua aya) tatu zisizofanana. At-Tabari (aliyefariki mwaka 310 Hijria) ni wa mapokezi ya watu wa mwanzo, al-Qurtubi (671) ni wa hukumu za fikihi, yaani sheria ya Kiislamu, na ar-Razi (606) ni wa kuhoji na kujadili. Ukurasa wa daftari ugawe safu nne: matini, lugha, mapokezi, rai. Ukiruka safu hiyo ya mwisho utanukuu rai ya mfasiri ukidhani umenukuu Qur'ani. Kosa hilo huwapata hata waliosoma miaka mingi.

Tuanze na aya ngumu: al-Ahzab 33:33, "Na kaeni majumbani mwenu."

Rudi nyuma hadi aya ya 28, kisha usome mfululizo hadi ya 35. Aya ya 28 inamtaka Mtume (S.A.W.) azungumze na wake zake. Ya 30 na ya 32 zinawaita kabisa "enyi wake za Mtume", na ya 32 inaongeza kuwa wao si kama mwanamke mwingine yeyote. Hapo safu ya matini imekwisha kujibu swali la nani anasemeshwa. Lakini usisimamie hapo, maana aya ya 34 inawaamrisha hao hao wayakumbuke yanayosomwa majumbani mwao katika Aya za Mwenyezi Mungu na hekima. Nyumba walizoambiwa wakae ndizo zilizokuwa darasa. Kwa Bibi Aisha pekee huhesabiwa hadithi 2,210, na mwanachuoni az-Zarkashi alitunga kitabu kizima cha masahihisho ambayo Bibi Aisha aliwafanyia masahaba. Aya ya 35 nayo inawataja wanaume na wanawake pamoja kwa sifa kumi.

Sasa lugha. Katika wasomaji saba mashuhuri wa Qur'ani, Nafi na Asim husoma neno la "kaeni" kuwa "qarna" kwa fat-ha (irabu ya a), na watano waliobaki husoma "qirna" kwa kasra (irabu ya i). Kisomo cha fat-ha kinatoka kwenye kutulia mahali. Cha kasra wengi wamekirudisha kwenye "waqar", yaani utulivu wenye heshima. Tarjuma haiwezi kukuonyesha tofauti hii, na ndiyo sababu tarjuma peke yake haitoshi kujengea hukumu.

Ingia kwenye tafsiri. Al-Qurtubi anakubali kwamba wanaosemeshwa ni wake za Mtume, ila anawaingiza wanawake wengine kwa upande wa maana. Ibn Kathir, mfasiri mwingine, anasema wasitoke pasipo haja. Ziandike rai hizo hata kama hazikupendezi; utafiti unaoficha rai ya upande wa pili huanguka kwa swali la kwanza la msikilizaji. Kisha lishike hilo neno "haja" ulipime kwa hadithi. Katika mkusanyo wa hadithi wa Bukhari, Mtume alimwambia mkewe Bibi Sawda kwamba wameruhusiwa kutoka kwa haja zao. Katika mkusanyo wa Muslim, dada wa mama yake sahaba Jabir alikuwa edani (kipindi cha kungoja) baada ya talaka, akataka kwenda kuvuna tende zake, mtu akamkemea. Mtume akamwambia aende avune, huenda akatoa sadaka au akafanya wema. Mavuno ni mali, na eda ni wakati mkali kuliko siku za kawaida. Anayesema haja haifiki kwenye riziki ana kazi ya kuijibu hadithi hiyo.

Aya za kipato ni nyepesi zaidi. An-Nisaa 4:32 inampa mwanamke fungu katika alichokichuma, na at-Talaq 65:6 inaamrisha mama aliyeachwa akinyonyesha alipwe ujira wake. Hapo kazi ya mwanamke imetajwa pamoja na malipo, bila kuzungusha. An-Nisaa 4:34 isomwe hadi "na kwa walivyotoa katika mali zao": jukumu la matumizi liko kwa mume, kwa hiyo mshahara wa mke haugeuki kuwa bajeti ya nyumba kwa sababu tu ameajiriwa.

Kwenye al-Qasas 28:23-26 nenda polepole. Mabinti wawili wanachunga, na mmoja anatoa kipimo cha kuajiri kinachofaa ofisi yoyote: mwenye nguvu na mwaminifu. Mitego iko miwili. Watu humtaja baba yao kuwa ni Nabii Shuaib, ilhali Qur'ani haikumtaja jina; hilo liende safu ya rai. Pili, kauli yao kwamba baba ni mzee sana wengine huielewa kuwa ni udhuru, yaani walitoka kwa dharura. Aya imeisimulia kauli hiyo bila kuifanya sharti, lakini hoja ipo na iandikwe.

Al-Baqara 2:282, ya mashahidi wawili wanawake, huletwa kupinga mwanamke kuwa mhasibu au mkaguzi. Inawasemesha nani? Watu wanaokopeshana, ili wailinde haki yao kwa maandishi. Mwanachuoni Ibn al-Qayyim alitenganisha waziwazi njia ya kuhifadhi haki, ambayo ndiyo ya aya hii, na njia ambayo kadhi huhukumia.

Pima pia hoja zinazokupendeza. "Kutafuta elimu ni faradhi kwa kila Mwislamu" imo katika Ibn Majah, ila nyongeza ya "mwanamume na mwanamke" haimo katika mapokezi, japo maana yake ni sahihi. Ile hadithi ya kutafuta elimu hata China iache kabisa. Kisa cha mwanamke aliyemsahihisha Umar juu ya mahari kina sanadi (mlolongo wa wapokezi) yenye mzozo. Ukikitumia, useme hivyo.

Unapoandika jibu, tenga sentensi tatu: aya inasema hivi; mfasiri fulani ameelewa hivi; kwa hoja hii, mimi naelekea hapa. Swali nalo liwe dogo. "Je, mwanamke afanye kazi?" halijibiki. "Je, daktari mwenye zamu ya usiku, aliyeolewa, ana haki gani juu ya mshahara wake?" linajibika, na aya zake umeshaziona.