Jinsi ninavyohakiki episodi ya The Simpsons

Kila episodi naitazama mara mbili. Mara ya kwanza ni baada ya isha, sebuleni kwetu Ngamiani, pamoja na wadogo zangu, bila kalamu. Tunacheka tu. Ila naangalia ni wapi kitinda mimba wetu ananyamaza ghafla. Mara ya pili ni alfajiri, peke yangu na daftari. Dakika 22 hunichukua saa nzima, kwa kusimamisha na kurudisha nyuma.

Historia iwe sentensi moja: katuni ya Matt Groening, iko hewani tangu Desemba 1989, baba, mama na watoto watatu wa mji wa Springfield. Basi.

Kisha jiulize: kijembe kinampiga nani? Usipomjua, usianze kuandika. Chukua “And Maggie Makes Three” ya Januari 1995. Homer, baba wa familia hiyo, anamaliza madeni, anaacha kazi kwenye mtambo wa nyuklia na kwenda anakopapenda, ukumbi wa bolingi. Mkewe Marge anapata mimba ya tatu, mshahara hautoshi, Homer anarudi kwa bosi wake Burns kuomba kazi. Burns anamwekea kibao mbele ya macho: usisahau, uko hapa milele. Ukiandika kwamba episodi hii inamcheka baba mvivu, umepotea njia. Anayepigwa ni tajiri anayetaka mfanyakazi wake ajue hana pa kwenda.

Homer anabandika picha za Maggie, yule mtoto wa tatu, juu ya kibao. Zinafunika baadhi ya herufi, na zinazobaki zinasomeka: fanya kwa ajili yake. Mchezo huo wa herufi ni wa Kiingereza, kwa Kiswahili haukubali. Usilazimishe. Eleza kibao kilisemaje kabla ya picha na kinasemaje baada yake, inatosha.

Hapo ndipo mdogo wangu aliponyamaza. Baba yetu alifanya kazi kiwanda cha mkonge, na nyuma ya kitambulisho chake alichomeka pasipoti saizi yangu ya darasa la kwanza. Niliiandika hiyo, sentensi moja tu.

Taja na palipolegea. Homer kufyatua bunduki kuita wateja wa bolingi kunachekesha, lakini hadithi haisogei.

Mwisho, msomee mtu ambaye hajaiona. Mimi humsomea mama akichambua mchicha. Siku ile aliuweka ungo chini, akaniuliza kile kitambulisho cha baba kiko wapi.