Kujiandaa kwa Triathloni Baada ya Miaka 50

Triathloni ni mashindano ya kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia, yakifuatana bila saa kusimamishwa. Mtu aliyevuka miaka 50 anaweza kuyaingia akiwa na matumaini kamili, mradi akubali tangu mwanzo kwamba mwili wake bado unajengeka kwa mazoezi, ila sasa unahitaji mapumziko marefu zaidi ili ujengeke. Mtawa wa Marekani, Madonna Buder, aliyezaliwa mwaka 1930, alianza kukimbia akikaribia miaka 50, na mwaka 2012, akiwa na miaka 82, alimaliza nchini Kanada mashindano ya Ironman: kilomita 3.8 za kuogelea, 180 za baiskeli na 42.2 za kukimbia. Simtaji ili uanze na umbali huo. Namtaja kwa sababu alianza katika umri ambao wengi wetu huambiwa tukae barazani.

Anza na umbali mfupi, yaani meta 750 majini, kilomita 20 za baiskeli na kilomita 5 za kukimbia. Umbali wa Olimpiki, ulioingizwa katika michezo ya Sydney mwaka 2000, ni mara mbili ya huo. Rubavu, kando ya Ziwa Kivu nchini Rwanda, kulianza mwaka 2022 mashindano ya Ironman 70.3, yaani nusu ya Ironman, maili 70.3 kwa jumla, yenye kilomita 1.9, 90 na 21.1. Mashindano ya umbali huo yaache mpaka mwaka wa pili au wa tatu, na yale ya Rubavu hasa kama unaishi pwani, kwa kuwa ziwa lile liko zaidi ya meta 1,400 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi. Wasioshindana kwa kulipwa hupangwa katika makundi ya miaka mitano mitano, na umri huhesabiwa kwa tarehe 31 Desemba ya mwaka wa mashindano. Kwa hiyo atakayetimiza miaka 55 mwezi Desemba hushindana na kundi la 55 hadi 59 tangu Januari.

Kabla ya kununua chochote, nenda hospitali upimwe presha, sukari na umeme wa moyo, na umweleze daktari waziwazi unachokusudia kufanya. Nasisitiza hili kwa sababu vifo vingi vya ghafla katika mchezo huu hutokea wakati wa kuogelea, na wanaume wa umri wetu ndio walio katika hatari kubwa zaidi.

Ndiyo maana muda mwingi wa miezi ya mwanzo utumike majini. Nguvu hupungua kadiri miaka inavyokwenda, lakini ufundi wa kuogelea mtu huweza kuuongeza hata akiwa na miaka 60. Wengi wetu tuliojifunza ukubwani hubana pumzi uso ukiwa majini, kisha tukigeuza kichwa hutaka kutoa na kuvuta hewa kwa mkupuo mmoja, na hapo ndipo hofu huanzia. Shika ukingo wa bwawa, zamisha uso, toa pumzi puani polepole ukisikia mapovu yakipita mashavuni, kisha geuza kichwa huku sikio moja likibaki majini, uvute hewa tu. Rudia mara 20 kila siku uingiapo majini, mpaka usilazimike tena kulifikiria.

Anayefanya mazoezi baharini, Tanga, Dar es Salaam au Mombasa, na azijue siku za maji. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, mikondo huwa na nguvu. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, bahari huwa pole zaidi. Ogelea sambamba na ufukwe, maji yakiwa yamejaa na kutulia, na usiingie peke yako. Katika mashindano yangu ya kwanza kifua kilinibana kwa hofu kabla ya boya la kwanza. Niligeuka chali, nikahesabu pumzi kumi, nikaendelea. Tangu siku hiyo huanzia pembeni, nyuma ya vijana, nikiwa nimeogelea kidogo ili mwili uzoee maji. Lakini maumivu ya kifua ni jambo jingine: inua mkono uombe mtumbwi wa waokoaji.

Katika kupanga wiki, andika kwanza siku za kupumzika, ndipo ugawe zilizobaki. Mimi hufanya mazoezi makali mara mbili tu kwa wiki, na baada ya wiki mbili za kazi huipunguza ya tatu karibu nusu. Siku mbili nyingine ziwe za nguvu: kuchuchumaa na kuinuka ukiwa na mzigo, na kuinuka kwa vidole vya miguu ukiwa ukingoni mwa ngazi, kwani kano za kisigino ndizo huwatoa wazee wengi mchezoni. Mara moja kwa wiki shuka kwenye baiskeli ukimbie papo hapo dakika 10, ili miguu izoee kubadilishiwa kazi. Hisia ya kiu nayo hufifia uzeeni, kwa hiyo kunywa kwa ratiba uliyoijaribu mazoezini bila kupitiliza, na chakula cha siku yenyewe kiwe kile tumbo lako linachokijua, ikiwa ni uji na ndizi, basi uji na ndizi.

Utokapo majini ukiwa unahema, vaa kofia ngumu na ufunge kamba yake chini ya kidevu kabla hujaigusa baiskeli. Usipofanya hivyo utaadhibiwa, nami niliwahi kusimamishwa kwa kosa hilo. Panda baada ya mstari uliochorwa, na usijikinge upepo nyuma ya gurudumu la mwenzako, kwa sababu katika mashindano mengi ya makundi ya umri jambo hilo hukatazwa. Kilomita ya kwanza ya kukimbia iende taratibu kuliko utakavyo. Ukishamaliza, tembea dakika 15 kabla ya kukaa, na kwa siku 10 zinazofuata usifanye zoezi lolote kali, hata kama siku ya tatu utajiona umepona kabisa.