Umeandikiwa fluoksetini? Soma kabla ya kumeza

Mimi hukaa dirisha la dawa, na swali ni lilelile: "Dada, mbona sioni nafuu?" Fluoksetini, dawa ya sonona, huzuia serotonini, kemikali ya ubongo inayohusika na hisia, isirudishwe haraka ndani ya seli za ubongo, ila nafuu huja taratibu, wiki 2 hadi 6. Meza asubuhi baada ya chai. Ukimeza usiku huenda usingizi ukakupaa. Kichefuchefu na kichwa kuuma kwa kawaida hupungua baada ya wiki moja au mbili. Hamu ya tendo la ndoa ikipotea, sema. Wengi huona haya, kisha wanaacha dawa kimyakimya. Usiikatishe ghafla. Mawazo ya kujidhuru yakija, hasa kwa vijana, nenda hospitali siku hiyohiyo. Na tramadoli ya maumivu? Uliza kwanza, zikikutana zinaweza kuleta degedege.