Kabla hujajenga banda la kuku kwenye kiwanja cha makazi

Mkazi wa Mtwara mjini anapoamua kuanza na kuku 20 nyuma ya nyumba, mara nyingi hununua vifaranga kwanza, kisha humwita fundi, na swali la kama kiwanja chake kinaruhusu ufugaji hulisikia kwa mara ya kwanza kutoka kwa bwana afya aliyeletwa na malalamiko ya jirani. Utaratibu huo unafaa kugeuzwa. Banda ambalo bado ni mistari ya chaki ardhini huhamishwa kwa dakika chache, lakini likishapigwa msingi na kuezekwa bati, kulihamisha ni kulipa fundi mara mbili.

Anzia kwenye hati ya kiwanja, ambayo hutaja matumizi yaliyoruhusiwa. Pale panapoandikwa "makazi", ufugaji wa kuku wachache kwa ajili ya kitoweo na mayai kwa kawaida huchukuliwa kuwa sehemu ya maisha ya nyumbani, ilimradi sheria ndogo za halmashauri hazikatazi. Ila neno hilo halimpi mtu ruhusa ya kuufanya ua kuwa shamba la kuku wa nyama 500, kwa kuwa kubadili matumizi ya ardhi mjini kunahitaji kibali cha mamlaka ya upangaji chini ya Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007. Mpangaji naye aanze kwa mwenye nyumba, hata kama banda lenyewe ni tenga tu.

Sheria ndogo hutungwa na kila halmashauri, na kwa miji mamlaka hayo yanatokana na Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya mwaka 1982. Ndiyo maana masharti ya Manispaa ya Mtwara-Mikindani si lazima yafanane na ya Lindi au ya Mji wa Masasi, na aliyehama kutoka mji mmoja kwenda mwingine asitegemee alichokizoea. Ziombe kwa mtendaji wa mtaa au wa kata, na unapozisoma tafuta idadi ya kuku inayoruhusiwa, umbali wa banda kutoka mpakani na kutoka nyumba ya jirani, kama kuku ni lazima wafungiwe, na kama kibali kina ada. Anayekaa Naliendele katikati ya mikorosho huweza kujiona yuko shamba, lakini kata yake imo ndani ya manispaa na sheria ndogo za manispaa zinamhusu. Mwenyekiti wa mtaa akikwambia, "Wewe fuga tu, hapa kila mtu anafuga," mshukuru, kisha umwombe mtendaji barua. Mwenyekiti hubadilika kila uchaguzi, banda hubaki.

Karatasi zikikamilika, linabaki jambo ambalo kwa uzoefu wetu ndilo chanzo kikubwa cha ugomvi, nalo ni upepo. Tuchukue mfano wa mtu aliyejenga mwezi Julai kwenye kona ya kaskazini ya kiwanja chake kule Chikongola, Mtwara mjini. Wakati huo kusi, yaani upepo utokao kusini, inavuma, harufu yote inasukumwa kuelekea barabarani, na yeye anaona amepata mahali pazuri kabisa. Ikifika Desemba kaskazi, yaani upepo utokao kaskazini, inaingia, na mvua za msimu zinaanza karibu wakati huohuo: pumba iliyotandazwa bandani inalowana, inaanza kutoa ile harufu kali ya amonia inayochoma macho, na upepo unaibeba moja kwa moja hadi kwenye jiko la jirani wa upande wa kusini. Kuku hawajaongezeka hata mmoja, bali msimu umegeuka. Kwa hiyo, kabla ya kuchagua kona, jiulize jirani gani atapokea harufu wakati wa kusi na yupi wakati wa kaskazi, na umfikirie kwanza yule wa kaskazi, kwa sababu huo ndio msimu wa unyevu. Urefu wa banda uelekee mashariki na magharibi ili jua lisipige ndani, na paa litokeze nje ya ukuta vya kutosha kuzuia manyunyu.

Kuku mmoja mkubwa hutoa takriban gramu 100 za kinyesi kibichi kwa siku, hivyo kuku 20 wanakupa karibu kilo 60 kwa mwezi. Hesabu hiyo ndiyo inayopaswa kukuonyesha ukomo wa kiwanja chako, kuliko hesabu ya mayai. Kuku hao wanaenea katika banda la mita 2 kwa 2, yaani watano kwa kila mita ya mraba, lakini kilo 60 za samadi haziwezi kukaa uani bila nzi. Geuza pumba au maranda kila baada ya siku chache, ondoa sehemu iliyolowa siku hiyohiyo, na patana mapema na mkulima wa mchicha atakayeichukua samadi; naye aiache ioze vizuri kwanza, kwani ikiwa mbichi huunguza miche.

Anayefuga kwa ajili ya mayai ya kula hana haja ya jogoo, maana tetea hutaga bila yeye. Kumwondoa kunapunguza malalamiko, hasa viwanja vinapobanana.

Kuachia kuku wazurure kumezoeleka hata mjini, na ni kweli kunapunguza gharama ya chakula, lakini kuku anayefukua bustani ya jirani ndiye pia anayerudi na ugonjwa wa mdondo. Chanjo ya mdondo iitwayo I-2 hutolewa kwa tone moja jichoni na kurudiwa kila baada ya miezi mitatu, na kichupa kimoja kina dozi nyingi kuliko kuku wa kaya moja. Mwalike bwana mifugo wa kata, ukubaliane na wafugaji wa jirani mchanje siku moja na kuchangia gharama, kisha tumia siku hiyohiyo kumwonyesha bwana mifugo mahali ulipochora banda kwa chaki, kabla fundi hajafika.